UZI: Ligi ya ridhaa ya Berlin Magharibi (1974–1991). Ukuta uliilea, ukuta ulipoanguka ikazikwa

Mzee wa Takwimu

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye uzi wa Bundesliga kuna mdau aliuliza kwa nini Berlin, mji mkuu wa nchi iliyobeba Kombe la Dunia mara 4, haijawahi kutoa bingwa wa Bundesliga hata mara moja. Majibu yakawa kejeli za Hertha, klabu kubwa ya mji huo, mwanzo mwisho, mada ikafa. Mimi jibu langu ni refu, ndiyo maana nimelifungulia uzi wake.

Naipitia kwenye ligi ambayo wengi hamjawahi kuisikia: Amateur-Oberliga Berlin. Ilikuwa ngazi ya tatu ya soka la Ujerumani Magharibi, ligi ya ridhaa, na timu zake zote zilitoka ndani ya nusu ya mji mmoja, Berlin Magharibi, iliyozungukwa na Ujerumani Mashariki na, tangu 1961, na Ukuta wa Berlin. Ilianza 1974, ikafungwa 1991. Sijui ligi nyingine Ulaya ya zama zile ambayo timu ya ugenini ingeweza kufika uwanjani kwa basi la mjini na bado ukaambiwa bingwa wake anagombea kupanda kwenda soka la kulipwa.

Nashusha kwa vipande. Wenye haraka mpite tu, sitawadai.

Mzee wa Takwimu

Kipande cha 1: kabla ya ukuta

Msije mkadhani Berlin ilikuwa kibonde tangu enzi. Chama chao cha soka kinahesabu umri wake tangu 1897. Union 92 walichukua ubingwa wa Ujerumani 1905, Viktoria 89 wakachukua 1908 na 1911, kisha Hertha wakacheza fainali 6 mfululizo kuanzia 1926 hadi 1931. Nne za kwanza walilia, mbili za mwisho wakabeba.

Vita vikaisha 1945. Washindi wa vita wakazivunja klabu zote, zikaundwa timu za mitaa. Msimu wa 1945/46 ulikuwa na timu 36 kwenye makundi 4 na bingwa akawa Wilmersdorf. Mji ulikuwa umeshagawanywa kanda nne za majeshi, lakini mpira bado ulikuwa mmoja. Mwaka 1948 bingwa wa mji mzima alikuwa Oberschöneweide, timu ya upande wa mashariki, vijana wa viwandani.

Mpira ulipasuka 1950, yaani miaka 11 kabla ya ukuta wenyewe. Union Oberschöneweide walimaliza nafasi ya 2, wakapata haki ya kucheza hatua ya ubingwa wa Ujerumani dhidi ya Hamburger SV kule Kiel, upande wa magharibi. Wakubwa wa mashariki wakawanyima kibali cha kusafiri. Wachezaji wakavuka hivyo hivyo, wakacheza, wakala 7–0, na karibu kikosi kizima hakikurudi nyumbani. Wakaanzisha klabu magharibi, Union 06. Waliobaki mashariki wakaendelea chini ya majina mengine mengine, na ukoo wao ndio uliozaa 1. FC Union ya 1966, hii mnayoiona leo Bundesliga.

Union 06 walikuwa bingwa wa Berlin Magharibi 1953. Sehemu kubwa ya mashabiki wao waliishi mashariki, wakivuka mpaka kwa treni siku ya mechi. Tarehe 13 Agosti 1961 mpaka ukafungwa. Ghafla klabu ikabaki na timu bila watu. Hertha nao waliumia: uwanja wao wa Gesundbrunnen ulikuwa pua na mdomo na mpaka, na inasimuliwa kwamba mashabiki wa upande wa pili walikuwa wanakusanyika karibu na ukuta siku za mechi, wakifuata mchezo kwa kelele za waliokuwa ndani.

Kigoma Mwisho wa Reli

Naweka kambi hapa mkuu. Swali la haraka: kwa hiyo Union wako wawili?

Mzee wa Takwimu

Ndiyo. Na Union 06 bado wapo, timu ya madaraja ya chini, makao Poststadion pale Moabit. Uwanja huo una historia yake peke yake: Agosti 1936, kwenye Olimpiki, Norway iliifunga Ujerumani 2–0 mbele ya Hitler hapo hapo. Uwekeni akilini, utarudi kwenye kipande cha 4.

Bibi Chausiku

Mimi mpira siupendi, mume wangu ndiye anautazama, lakini hii habari ya kikosi kizima kuvuka mpaka imenikamata. Endelea baba.

Mzee wa Takwimu

Kipande cha 2: Tasmania

Siwezi kuiruka ingawa ni ya miaka 9 kabla ya ligi yetu kuanza, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jinsi Berlin ilivyokuwa inabebwa kwa sababu za siasa.

Bundesliga inaanza 1963, Berlin inapewa nafasi moja, Hertha. Mwaka 1965 Hertha wanakamatwa na mahesabu mabovu: walikuwa wanawalipa wachezaji zaidi ya kiwango kilichoruhusiwa, kwa sababu wachezaji wazuri hawakutaka kuhamia kwenye mji uliozungukwa na waya wa miba. Wananyang'anywa leseni. Kimpira, kesi iliishia hapo. Kisiasa, Bundesliga isiyo na Berlin ilikuwa kama kukiri kwamba mji umeachwa. DFB, chama cha soka cha Ujerumani Magharibi, wakatafuta timu nyingine ya Berlin. Tennis Borussia walikuwa wameshashindwa kwenye mchujo wa kupanda. Spandauer SV wakakataa. Tasmania 1900, timu ya mtaa wa Neukölln, wakasema sisi twende. Inasemekana baadhi ya wachezaji waliitwa kutoka likizoni.

Mechi ya kwanza, Agosti 1965, Olympiastadion, watu 81,500, Tasmania 2, Karlsruhe 0. Mji mzima ukashangilia. Baada ya hapo wakakaa mechi 31 mfululizo bila ushindi. Walimaliza na ushindi 2, sare 4, vipigo 28. Pointi 8 kwa hesabu ya wakati ule ambapo ushindi ulikuwa pointi 2. Magoli 15 ya kufunga, 108 ya kufungwa. Januari 1966 walicheza na Mönchengladbach kwenye Olympiastadion ileile, wakaja watu 827. Meidericher SV wakaja kuwafunga 9–0 nyumbani.

Rekodi hizo zote zipo hadi leo. Schalke walifika mechi 30 bila ushindi, Januari 2021 wakaifunga Hoffenheim 4–0 na kujiokoa na aibu ya kuifikia ile ya 31.

Mnazi wa Soka Makadara

Watu 827 kwa Olympiastadion! Hata mechi za mtaa kwetu Nairobi hujaza kuliko hiyo. Lakini Mzee, nikukosoe kidogo. Tasmania ni kosa la DFB. Usiulaumu Ukuta kwa kila kitu.

Mzee wa Takwimu

DFB waliamua, lakini jiulize ni nini kiliwafanya waamue hivyo. Tasmania 1900 yenyewe ilifilisika 1973, ikazaliwa upya kama Tasmania 73. Ndiyo iliyokuja kucheza kwenye ligi tunayoizungumzia.

Kipande cha 3: ligi inazaliwa

Mwaka 1974 Ujerumani Magharibi wanaunda daraja la pili la kulipwa, 2. Bundesliga, makundi mawili, Kaskazini na Kusini. Kabla ya hapo Berlin ilikuwa na daraja lake la pili peke yake. Likafutwa. Tennis Borussia walikuwa wamepanda Bundesliga mwaka huohuo, Wacker 04 wakaingia 2. Bundesliga Kaskazini, Hertha wapo juu. Waliobaki wote wakatupwa chini kwenye ligi ya ridhaa ya mji, ambayo sasa ikaitwa Oberliga.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, naomba msome taratibu. Kanda nyingine za ngazi hiyo zilikuwa na ardhi. Oberliga ya Kaskazini ilibeba Hamburg, Bremen, Schleswig-Holstein na Niedersachsen kwa pamoja. Bavaria ni jimbo zima. Kanda ya Berlin ilikuwa nusu mji, watu kama milioni 2, na nje ya hapo ni nchi nyingine yenye askari. Kabla ya vita kanda hii ilikuwa Berlin pamoja na Brandenburg, yaani mji na mashamba na miji midogo yake yote. Sasa ulikuwa na mji usio na shamba.

Kwa hiyo bingwa wa Berlin alikuwa anatoka kwenye ligi nyepesi, anakwenda mchujo kukutana na bingwa wa Kaskazini, wa Westfalen, wa Nordrhein, watu waliopigana msimu mzima na timu za viwango. Wakati mwingine alipita. Akipita, anarudi. Spandauer SV walipanda 1975, wakacheza mechi 38, wakamaliza mkiani, wakashuka. Wacker 04 walishuka 1977, wakapanda 1978, wakashuka 1979. SC Charlottenburg walipanda 1983, msimu mmoja, chini. Tennis Borussia 1985, msimu mmoja, chini. Ilikuwa ni nenda rudi.

Fundi Saa

Mkuu nakusoma tangu mwanzo, unaandika vizuri, ila hoja yako ina tundu. Hertha walimaliza nafasi ya 2 Bundesliga msimu wa 1974/75. Wakafika nusu fainali ya Kombe la UEFA 1979. Ukuta ulikuwepo na ulikuwa imara kweli kweli. Sasa kama ukuta ndio uliodumaza mpira wa Berlin, Hertha walifikaje huko?

Mimi nasema tatizo lilikuwa uongozi. Mwaka 1965 mahesabu ya kughushi. Mwaka 1971 wachezaji wa Hertha wanakula hongo ili Bielefeld washinde 1–0. Kisha wanauza uwanja wao wa Gesundbrunnen kulipa madeni. Hivi hata ungewapa Brandenburg nzima, hao watu wangeiuza.

Mzee wa Takwimu

Fundi Saa, umenipiga pale pale. Lakini angalia: unazungumzia Hertha, mimi nazungumzia ligi. Klabu moja kubwa inaweza kuishi popote kwa sababu inavuta mashabiki wa mji mzima, inacheza na Bayern, inalipwa na televisheni. Nenda ngazi ya chini. Nani alikuwa chini ya Hertha kuiletea wachezaji, kuipa upinzani, kuipokea ikianguka? Huko ndiko ukuta ulikokula.

Na pesa. Baada ya vita makampuni makubwa yalihamisha makao kwenda magharibi. Siemens, kampuni iliyozaliwa Berlin na yenye mtaa wake kabisa, Siemensstadt, makao makuu yakaenda München. AEG wakaenda Frankfurt. Viwanda vingine vilibaki kwa ruzuku ya serikali ya Ujerumani Magharibi kule Bonn. Sasa timu ya ngazi ya tatu itapata wapi mdhamini? Mwenye duka la matairi.

Vipaji vilikuwepo, tena vya kutisha. Pierre Littbarski alikulia Hertha Zehlendorf, 1978 Köln wakamchukua. Thomas Häßler alikuwa kijana wa Reinickendorfer Füchse, 1984 naye Köln. Christian Ziege, Hertha Zehlendorf, 1990 Bayern. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia 1990 kule Roma, Littbarski na Häßler walikuwa uwanjani wote wawili. Ligi ya ridhaa ya Berlin Magharibi iliwalea, haikuweza kuwashika.

Fundi Saa

Nakubali kuhusu vipaji. Kuhusu uongozi sijashuka farasi wangu.

Dada wa Wedding

Salaam wakuu. Mimi naishi hapa Berlin, mtaa wa Wedding, na nimefurahi kukuta Kiswahili kinaizungumzia Reinickendorf. Niongeze jambo ambalo wazee wa hapa hulisema sana. Watu wa Berlin Magharibi hawakuandikishwa jeshini, maana kwa makubaliano ya mataifa yaliyoushinda vita jeshi la Ujerumani Magharibi halikuwa na mamlaka hapa. Vijana wengi walihamia kukwepa jeshi, ila walikuwa wanafunzi na wasanii, siyo washambuliaji.

Na safari. Kutoka hapa kwenda Helmstedt, pale unapoingia Ujerumani Magharibi, ni kama kilomita 180 za barabara ndani ya nchi ya mashariki. Huruhusiwi kutoka kwenye barabara hiyo. Unasimamishwa mpakani mara mbili, wanakagua. Baada ya mkataba wa 1972 ikawa nafuu, lakini bado timu ya ridhaa iliyopanda 2. Bundesliga ilikuwa inakwenda hivyo kila wiki ya pili. Wachezaji wengi walikuwa na kazi Jumatatu.

Mzee wa Takwimu

Dada asante, hilo la safari nililisahau kabisa na ni kubwa. Hebu fikirieni: kwenye ligi ya nyumbani mechi ya mbali kuliko zote ni Spandau hadi Neukölln. Ukipanda, ghafla unavuka mipaka miwili kwenda kucheza Osnabrück.

Kipande cha 4: 1986, mwaka wa vituko

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Msimu wa 1985/86 Berlin ilikuwa na timu tatu 2. Bundesliga: Hertha, Tennis Borussia na Blau-Weiß 90. Hao Blau-Weiß ni watoto wa ule ukoo wa Union 92, mabingwa wa 1905, walioungana na klabu nyingine 1927. Walikuwa bingwa wa Oberliga Berlin 1984, wakapanda, na miaka miwili tu baadaye wakapanda tena, wakaingia Bundesliga.

Msimu huohuo Hertha na Tennis Borussia walishuka daraja. Yaani kiangazi cha 1986 timu ya mtaa wa Mariendorf isiyo na mashabiki wengi ikawa ndiyo mwakilishi wa Berlin kati ya wakubwa, inachezea Olympiastadion. Hertha, mwanachama mwanzilishi wa Bundesliga, mshindi wa pili wa 1975, akaenda kucheza ligi ya ridhaa na akina Hertha Zehlendorf na Spandauer SV. Olympiastadion ingekuwa ni kituko kwa mechi kama hizo, wakahamia Poststadion. Ule wa Norway na Hitler.

Hertha walichukua ubingwa wa Oberliga 1987, wakashindwa kwenye mchujo. Wakachukua tena 1988, safari hii wakapanda. Misimu miwili kwenye ridhaa.

Blau-Weiß nao walishinda mechi 3 tu Bundesliga msimu mzima wa 1986/87, wakashuka. Mshambuliaji wao kijana, Karl-Heinz Riedle, akauzwa Werder Bremen, akawa bingwa wa dunia 1990. Mwaka 1992 Blau-Weiß wakanyimwa leseni kwa madeni na klabu ikafa, ikabidi waanzishe nyingine.

Kigoma Mwisho wa Reli

Hertha kwenye ligi ya mtaani halafu anafeli mchujo. Nimecheka hadi mke wangu kaniuliza kuna nini.

Mnazi wa Soka Makadara

Na upande ule mwingine wa ukuta kulikuwa na nini wakati huo? Mashariki pia walikuwa na timu Berlin.

Mzee wa Takwimu

BFC Dynamo, timu ya usalama wa taifa wa kule. Bingwa wa mashariki mara 10 mfululizo, 1979 hadi 1988. Kwa hiyo kilomita chache tu kutoka Poststadion, Hertha akicheza ridhaa, kulikuwa na timu ya Berlin inayocheza Kombe la Mabingwa wa Ulaya kila mwaka. Shabiki wa magharibi hakuihesabu kuwa ni yake na wa mashariki wengi waliichukia.

Siasa ilikuwa haichoki. Ujerumani Magharibi ilipoandaa Euro 1988, Berlin ilitolewa kwenye orodha ya viwanja kwa sababu nchi za kambi ya mashariki hazikuitambua kama sehemu ya Ujerumani Magharibi. DFB walikuwa wameshaupoza mji kwa kuupa fainali ya kombe lao kila mwaka kuanzia 1985. Ndiyo maana hadi leo fainali ya DFB-Pokal iko Berlin.

Dada wa Wedding

Mzee usiwasahau Türkiyemspor, nitakugombeza.

Mzee wa Takwimu

Ningewasahauje! Kipande cha 5.

Mwaka 1978 vijana wa familia za wafanyakazi wa Kituruki pale Kreuzberg walianzisha timu yao. Kreuzberg ilikuwa mtaa uliobanwa na ukuta, nyumba chakavu, kodi rahisi, ndiyo maana wahamiaji walipata pa kuishi. Klabu ilibadilisha jina mara kadhaa, na 1987 ikawa Türkiyemspor. Wakapanda ngazi kwa ngazi hadi Oberliga. Kombe la Berlin walilichukua 1988, 1990 na 1991. Uwanja wao ulikuwa Katzbachstadion, chini ya kilima cha Viktoriapark.

Msimu wa mwisho wa ligi hii, 1990/91, walikaribia kabisa mlango wa 2. Bundesliga. Timu ya wahamiaji kutoka mtaa wa pembezoni! Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu kikubwa zaidi ambacho ligi hii ilitoa, kuliko hata Hertha kushuka na kupanda. Ligi ndogo ya mji mmoja ina faida yake: huhitaji pesa za safari, huhitaji mdhamini mkubwa, ukiwa na wachezaji 15 na mtaa unaokushabikia unafika mbali. Kwenye Oberliga ya Kaskazini wasingefika.

Dada wa Wedding

Uwanja sasa unaitwa Willy-Kressmann-Stadion, tangu 2010. Lakini wenyeji bado wanasema Katzbach. Na yaliyowapata baadaye uyaseme pia, usiwapambie watu.

Mzee wa Takwimu

Nayasema. Kipande cha 6, mwisho wa ligi.

Tarehe 9 Novemba 1989 ukuta unafunguka. Siku mbili baadaye Hertha, wakiwa 2. Bundesliga, wanacheza na Wattenscheid, na Olympiastadion inajaa watu zaidi ya 44,000, maelfu kati yao wametoka mashariki. Januari 27, 1990 Hertha na Union wanacheza mechi ya kirafiki, watu zaidi ya 51,000, Hertha wanashinda 2–1. Watu walilia. Nani angefikiria ligi ya ridhaa siku hiyo?

Novemba 1990 chama cha soka cha mashariki kinajivunja kule Leipzig na kuingia DFB. Linaundwa shirikisho jipya la kaskazini mashariki, NOFV, na Berlin yote inaingizwa humo. Kuanzia 1991 ngazi ya tatu ya eneo hilo ikawa Oberliga ya NOFV, makundi matatu, timu za Berlin Magharibi zikichanganywa na za mashariki. Oberliga Berlin ikacheza msimu wake wa mwisho na kufungwa.

Brandenburg ikarudi. Ule mji usio na shamba ukapata shamba lake, miaka 41 baada ya mpira kupasuka. Na klabu nyingi za magharibi zikagundua hazina ubavu. Kule walikutana na 1. FC Union, na BFC Dynamo wakijiita FC Berlin, timu zilizokuwa na wachezaji waliolelewa kama watu wa kulipwa. Reinickendorfer Füchse, mabingwa wa 1989 na 1990, wakawa timu ya kawaida. Wacker 04 walikufa 1994, wakamezwa na Alemannia 90.

Türkiyemspor ndio walioumia kuliko wote. Viwanja vya mashariki miaka ile ya 1990 mwanzoni vilijaa vijana wa mrengo wa kulia. Wachezaji walitukanwa, walirushiwa vitu, mara nyingine walitoka uwanjani chini ya ulinzi wa polisi. Kwa klabu nyingine kuanguka kwa ukuta kulikuwa ni hasara ya nafasi kwenye jedwali. Kwao ilikuwa hatari ya mwili.

Bibi Chausiku

Yaani wao ukuta ulikuwa unawalinda bila mtu kukusudia. Makubwa.

Fundi Saa

Sasa Mzee nikubane tena. Umesema ukuta uliidumaza ligi. Halafu umesema ukuta ulipoanguka ligi ikafa na timu zake zikaporomoka. Chagua moja. Ama ukuta ulikuwa adui ama ulikuwa mlezi.

Mzee wa Takwimu

Sichagui, na sababu yangu ni hii. Timu za kanda hii zilihakikishiwa nafasi. Kila mwaka bingwa wa nusu mji alikuwa na tiketi ya mchujo, sawa na bingwa wa Bavaria yote. Angalau kuanzia 1978, hakuna mahali pengine pa watu milioni 2 palipokuwa na tiketi yake peke yake. Hiyo ilikuwa ni zawadi ya siasa na ilizifanya klabu kama SC Charlottenburg kuonekana kubwa kuliko zilivyo. Lakini tiketi ileile iliwafanya wasikutane na mtu wa kuwakomaza. Siku zawadi ilipoondolewa, wakabaki na kimo chao halisi.

Na hilo ndilo jibu langu kwa yule mdau wa uzi wa Bundesliga. Berlin imewahi kuingiza klabu 5 Bundesliga: Hertha, Tasmania, Tennis Borussia, Blau-Weiß na Union. Hakuna mji mwingine wa Ujerumani uliofikisha idadi hiyo. Nne kati ya hizo zilipandia kwenye ngazi hizi za Berlin Magharibi, na tatu kati ya hizo nne hazikukaa msimu wa pili mfululizo. Tennis Borussia walipanda mara mbili, 1974 na 1976, na mara zote mbili walishuka baada ya msimu mmoja. Mlango ulikuwa wazi kuliko miji mingine, ndani ndiko hawakuwa na viti.

Fundi Saa

Sawa, hapo umejitetea. Ila nakukumbusha Union hakupitia huko. Yule alikulia upande wa pili, na leo ndiye aliyecheza Ligi ya Mabingwa 2023. Ningekuwa wewe ningelitafakari hilo.

Mzee wa Takwimu

Nimelitafakari. Union alikuwa na mtaa mzima wa Köpenick nyuma yake na ligi ya nchi nzima ya kushindana nayo, hata kama ilikuwa nchi ya watu milioni 16. Inaniunga mkono zaidi kuliko inavyonipinga.

Mnazi wa Soka Makadara

Kazi safi Mzee. Hizi timu za zamani ziko wapi siku hizi? Tasmania bado hai?

Dada wa Wedding

Hapo nijibu mimi. Tasmania wapo Neukölln, walipanda Regionalliga, yaani ngazi ya nne, 2021 wakashuka mwaka uliofuata. Viktoria 89, wale mabingwa wa 1908, waliungana na Lichterfelde 2013 na wakafika 3. Liga, ngazi ya tatu, 2021. Hertha Zehlendorf walipanda Regionalliga 2024, na wakati Niko Kovač anaitwa kocha mkubwa wa Ulaya, pale Zehlendorf watakukumbusha kwamba alicheza kwao mwaka ule wa mwisho wa ligi kabla ya kwenda Hertha. Mpira wa ridhaa wa mji bado upo, ligi kuu ya chama cha Berlin ni ngazi ya sita sasa. Kiingilio ni bei ya soseji na bia, na wazee wapo kwenye uzio wakilaumu refa.

Kigoma Mwisho wa Reli

La mwisho kabla sijalala. Bingwa wa mwisho kabisa 1991 alikuwa nani, na alipanda?

Mzee wa Takwimu

Tennis Borussia. Hakupanda, mchujo ulimshinda. Alikuja kupanda 1993 kwa njia ya ajabu: Union walishinda haki ya kupanda uwanjani, ila dhamana ya benki waliyopeleka kuombea leseni ikagundulika ni ya kughushi. Union wakazuiwa, nafasi ikaangukia kwa Tennis Borussia. Na kama kawaida ya Berlin, wakashuka msimu uleule wa kwanza.

Fundi Saa

Dhamana ya benki ya kughushi. Nilisema mimi, uongozi.